Jino Limezibwa, Kazi Ndiyo Imeanza

Gego langu la chini upande wa kulia lilizibwa mwaka 2009 kwa ile dawa ya rangi ya fedha, na hadi leo nalitafunia muhogo wa kuchoma. Jirani yake, gego linaloligusa kwa mbele, lilizibwa miaka michache baadaye kwa dawa nyeupe inayofanana na jino lenyewe, nzuri kuitazama, na nilitoa pesa nyingi zaidi. Hiyo ikatoka. Nikazibwa tena, ikavunjika pembeni. Nikazibwa tena, safari hii tundu likiwa kubwa zaidi, na jino likaanza kuuma usiku. Kinywa ni kimoja, mtu ni mmoja, mswaki ni uleule. Kutafuta sababu ya tofauti hiyo ndiko kulikonibadilisha, na ndiko kulikonifanya niandike ushuhuda huu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, kazi niliyoianza nikiwa msichana. Katika mtaa niliokulia, jino lilikuwa na safari moja inayojulikana na kila mtu. Linauma, unaweka karafuu. Linauma tena, unanunua vidonge dukani. Likizidi, unakwenda hospitali linang'olewa, unarudi na pamba mdomoni, watu wanakupa pole, basi. Mama yangu alifika uzeeni na meno ya mbele tu, na hakuna aliyeona ajabu. Kuziba tulikuona ni jambo la watu wa ofisini. Hata sisi tuliobahatika kuziba tulikuwa na imani moja: jino likishazibwa limepona. Umelipa, umekaa kwenye kiti, umechomwa sindano ya ganzi, umevumilia ule mlio wa mashine. Deni gani tena limebaki?

Wala si Tanga peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza bila kutibiwa, na kuutaja ugonjwa huo kuwa miongoni mwa magonjwa yaliyoenea kuliko yote. Niliposikia hilo nilipumua. Haya niliyokuwa nayo ya kufungua mdomo mbele ya daktari ilipungua.

Basi, lile gego jeupe lilipoanza kuninyima usingizi nilikwenda hospitali nikiwa nimeshaamua ling'olewe. Aliyenipokea alikuwa daktari wa kike, kijana, umri wa binti yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja uning'olee hili, limenichosha."

Hakubishana nami. Aliniomba tu apige picha ya eksirei kwanza, kisha akaigeuza skrini ili nione. Kizibo kilionekana cheupe kabisa, na chini yake kivuli cheusi kilichoshuka kuelekea moyo wa jino, pale penye mishipa. "Kizibo chenyewe hakijachakaa sana, mama," akasema. "Huu hapa chini ni uozo mpya. Umepita pembeni." Nikamwuliza uozo unapitaje mahali palipozibwa. Naye akaniuliza: "Kazini kwako unakunywa chai?"

Anayewajua mafundi cherehani atalijua jibu langu. Chai iko mezani tangu asubuhi, karibu na mkasi na chaki, ya rangi, yenye sukari ya kutosha, na haimaliziki kwa sababu hainywewi mara moja. Unapinda pindo, unapiga funda. Unabadilisha uzi, unapiga funda. Ikipoa unaongeza ya moto. Mteja akileta kashata au ubuyu wa rangi, vinakaa hapohapo, kimoja kimoja hadi jioni.

Daktari hakunikataza sukari. Alinieleza kitu ambacho sikuwahi kuelezwa na mtu yeyote tangu nizaliwe. Mdomoni mwa kila binadamu wanaishi bakteria, wameshikamana na meno katika ule utando laini unaouhisi kwa ulimi ukiamka. Sukari unayokula nao wanaila, na wakiila hutoa tindikali inayoyeyusha madini ya jino. Ukali wa tindikali hupimwa kwa kipimo cha pH. Kikishuka chini ya 5.5 hivi, tabaka gumu la nje la jino huanza kupoteza madini. Mate ndiyo mlinzi: huzimua tindikali, tena hulirudishia jino madini. Ila mate yanahitaji muda, nusu saa na pengine saa nzima tangu sukari ipite. Kwa hiyo vijiko vitatu vya sukari vikinywewa pamoja na kifungua kinywa ni shambulio moja, na mate yatalimaliza. Vijiko vitatu vilevile, vikigawanywa kwa mafunda ya asubuhi nzima, havimpi mlinzi nafasi ya kuinuka.

Na mahali dhaifu kuliko pote, akasema, ni pale kizibo kinapokutana na jino. Hapo nikamwelewa kabla hajamaliza, maana ni jambo ninaloliona kila wiki mezani kwangu. Nguo iliyotiwa kiraka haichaniki kwenye kiraka. Huchanika pembeni yake, kwenye kitambaa cha zamani kilicholegea, na ukiifua vibaya huchanika haraka zaidi. Kizibo hakiozi. Jino linalokizunguka ndilo linaloweza kuoza, na likioza, kizibo kinakosa cha kushikilia.

Sasa kwa nini lile la 2009 limesimama miaka yote hiyo, kinywani mlemle, kwa chai ileile? Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuuliza, maana watu wengi hudhani jibu ni moja tu, yaani dawa ya fedha ni bora kuliko nyeupe. Kuna ukweli, lakini si wote.

Kwanza, tundu la lile gego la zamani lilikuwa dogo, juu, katikati ya jino, limezungukwa na kuta nzima pande zote. La pili lilioza ubavuni, pale meno mawili yanapogusana, na uozo ukashuka hadi karibu na fizi. Kizibo cha aina hiyo kinabeba kazi kubwa kuliko cha juu. Kila unapotafuna, ukuta uliobaki unasukumwa, chakula kinajipenyeza, mswaki haufiki. Vizibo vilivyovuka pande mbili au tatu za jino huharibika mapema kuliko vya upande mmoja, dawa iwayo yote.

Pili ni ukavu. Ile dawa nyeupe hugandishwa kwenye jino kwa gundi na kukaushwa kwa mwanga wa buluu, tabaka moja baada ya jingine. Wakati wa kazi hiyo tone la mate au la damu likiingia, gundi haishiki sawasawa, na karibu na fizi damu hutoka kirahisi. Tena dawa hiyo hunywea kidogo inapokauka, ndiyo maana daktari makini huitia kidogo kidogo, asiijaze kwa mkupuo. Ukimwona daktari anachukua muda mrefu, anakuwekea pamba, anabadilisha pamba, usikunje uso. Anakununulia miaka.

Tatu ndiyo dawa yenyewe. Ya fedha ni mchanganyiko wa fedha, bati, shaba na zebaki, na hudumu miaka 10 hadi 15, mara nyingi zaidi ya hapo. Langu ni shahidi. Nyeupe huhesabiwa miaka 7 hadi 10, ingawa iliyowekwa vizuri kwenye kinywa kinachotunzwa hupita hapo. Kuna na simenti ya meno, ambayo kwenye tundu dogo la upande mmoja hudumu miaka kama mitano au zaidi, lakini kwenye matundu makubwa ya kutafunia huchoka mapema. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotengenezwa ikae milele. Hilo ndilo ningependa kila mtu aambiwe kabla hajashuka kwenye kiti.

Kuhusu zebaki nitasema kidogo, kwa sababu nimesikia watu wakitishana. Karibu nusu ya uzito wa dawa ya fedha ni zebaki, ndiyo. Kuna Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliathirika vibaya kwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Mkataba huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2025 nchi wanachama zilikubaliana kwamba matumizi ya dawa ya fedha kwenye meno yakome ifikapo 2034. Tayari watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wanatakiwa wazibwe kwa dawa nyingine. Nilipoyasikia hayo nilikimbilia kwa daktari kuuliza kama lile la 2009 litolewe. Akanikataza. Kizibo cha fedha kilicho kizima hakitolewi kwa hofu tu, kwa sababu kukitoboa ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki mwingi zaidi kwa mara moja, na kila kinapotolewa, sehemu ndogo ya jino lisilooza huondoka nacho.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniingia. Jino haliongezeki. Mkono uliovunjika huunga, ngozi iliyokatwa hufunga, lakini jino lililotobolewa halijengi tena sehemu iliyoondoka. Kizibo cha kwanza ni kidogo. Kikiharibika, daktari hana budi kusafisha zaidi, na cha pili kinakuwa kikubwa. Cha tatu kinagusa karibu na mishipa. Baada ya hapo ni kutibu mzizi, kisha kofia, kisha kung'oa. Nililitazama gego langu kwenye skrini nikaona limeshapita vituo vingi vya safari hiyo bila mimi kujua kwamba ni safari. Nilidhani narudia jambo lilelile kila mara.

Halikung'olewa. Mzizi ulitibiwa, jino likafunikwa kwa kofia ngumu, na gharama yake niliilipa kwa sare za shule za Januari. Sitamficha mtu: kung'oa ndiyo nafuu siku ile, kuziba kunazidi, na kutibu mzizi kunazidi vyote. Lakini tundu dogo likizibwa likiwa bado dogo, na kizibo kikatunzwa, pesa hiyo ya mzizi haitafutwi kamwe. Ndiyo hesabu ninayowapigia wenzangu sokoni.

Kwenye ukumbi wa hospitali ileile niliona jambo jingine lililonipa moyo. Mwanangu wa mwisho alikuwa darasa la nne na gego lake la kwanza la ukubwani lilikuwa limetoboka. Hilo gego, kwa faida ya wazazi, huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka kwanza, na kwa hiyo wengi hudhani ni la utoto litakalotoka lenyewe. Halitoki. Siku hiyo umeme ukakatika. Nilijua tutaambiwa turudi kesho. Daktari akachukua kijiko kidogo chenye makali, akakwangua uozo kwa mkono taratibu, mtoto hata hakuhitaji sindano. Akakausha kwa pamba, akakoroga simenti, akaijaza, kisha akaikandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta mpaka ikaingia na kwenye vijibonde vya jirani ambavyo bado havijaoza. Kazi imekwisha, umeme haujarudi.

Alinieleza kwamba njia hiyo ilianzia kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wakitafuta namna ya kuokoa meno vijijini kusikokuwa na umeme wala maji ya bomba, na hivyo ndivyo walivyoanza kutumia vifaa vya mkono. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia nzima, na leo inafundishwa hadi nchi tajiri. Simenti yenyewe, ambayo hutoa madini ya floraidi kidogo kidogo kwenye jino linaloizunguka, iliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Kwa hiyo mtu asikudharaulie kizibo cha simenti cha mwanao eti ni cha watu wa hali ya chini. Kwa tundu dogo, kwa mtoto, ni tiba kamili.

Sasa niseme nilivyobadilika, maana kujua peke yake hakulilindi jino.

Chai naipenda na ninaendelea kuinywa. Naitia sukari ile ya asubuhi na ya alasiri, na kila moja nainywa pamoja na chakula, naimaliza, nakiondoa kikombe mezani. Katikati ya hapo ni maji, au chai ya tangawizi bila sukari. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu; mkono ulikuwa unakitafuta kikombe wenyewe. Kashata nazila baada ya mlo, si kati ya mlo na mlo. Ubuyu wa rangi nimeuacha kabisa, kwa sababu ule una mabaya yote mawili: sukari inayonata ndani ya kila kona, na mbegu ngumu ambayo ukiiuma kwa gego lililozibwa inaweza kulipasua.

Kwenye vitu vigumu, nimekuwa mkali kwa watu wa nyumbani hata wananicheka. Muwa haumenywi kwa meno kwangu, kisu kipo. Soda haifunguliwi kwa meno. Barafu haitafunwi. Mifupa ya kuku inanyonywa, haivunjwi. Jino lenye kizibo kikubwa lina kuta nyembamba, na siku linapopasuka mara nyingi hupasuka kwa kitu cha kijinga kama punje ya bisi isiyolipuka.

Na uzi. Fundi gani asiyekata uzi kwa meno? Mimi nilikuwa na kipande cheupe kwenye ncha ya jino la mbele, kilichowekwa baada ya kuanguka, na kilikuwa kinabanduka hapohapo kila baada ya muda. Daktari hakujua kwa nini mpaka alipouliza kazi yangu. Meno ya mbele hayakuumbwa kuwa mkasi, na kile kipande kilikuwa kinapokea uzi wa nailoni mchana kutwa mahali palepale. Tangu nivae mkasi mdogo shingoni kwa utepe, kipande hicho hakijaondoka tena. Pini nazo zina mto wake sasa.

Nilimwuliza kama naweza kusafishia katikati ya meno kwa uzi wangu wa cherehani, maana uzi maalumu wa meno haukuwa rahisi kupatikana. Alikataa. Uzi wa kushonea umesokotwa kwa nguvu, unakata fizi. Ule wa meno nimeupata duka la dawa mjini, kifuko kimoja kinakaa muda mrefu, na naupitisha usiku, polepole, ukikumbatia ubavu wa jino badala ya kuukita kwenye fizi. Unanisaidia na kwa jambo jingine: ukianza kukwama au kuchanika pale pale kila siku, ukingo wa kizibo umeachia. Nimegundua tatizo moja kwa njia hiyo kabla halijaanza kuuma.

Mswaki ni mara mbili kwa siku, na wa usiku ndio nisiouacha hata nikirudi harusini saa saba. Usingizini mate hupungua sana, na kilichobaki mdomoni kinafanya kazi bila mlinzi. Nasoma ubavu wa boksi la dawa ya meno kabla ya kununua. Floraidi iwe kati ya 1000 na 1500 kwa kipimo cha ppm. Nikimaliza natema povu tu, sisukutui kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Hili lilinishangaza, maana sote tumelelewa tukisukutua mpaka ladha yote iishe. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anapakiwa dawa kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Bibi yangu alitumia mti wa mswaki maisha yake yote na fizi zake zilikuwa imara. Siudharau, mchana ninao mkobani. Usiku napiga mswaki kwa dawa.

Mwezi wa Ramadhani unataka utaratibu wake. Kutwa nzima kinywa kikavu, kisha futari yenye tende, uji wa sukari, tambi, sharubati, halafu vitu vitamu hadi usiku wa manane. Daku nayo: chai, mkate wa kumimina, na kurudi kulala. Mimi napiga mswaki kabla ya kulala na tena baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri, na vitu vitamu naviweka pamoja na futari badala ya kuvitandaza usiku wote. Daktari wangu anasema baada ya Idi foleni ya meno huwa ndefu. Naamini.

Wanaosaga meno usingizini nao wajue kwamba wanavitwanga vizibo vyao. Mwenza wako atakuwa amesikia mlio, mwulize. Kuna kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Wenye kisukari, na wanaotumia dawa zinazokausha mdomo, wanahitaji kuonwa mara nyingi zaidi, kwa sababu mate yao ni machache.

Jambo la mwisho lililobadilika ni lini naenda hospitali. Zamani maumivu ndiyo yalikuwa kalenda. Lakini kizibo hakina mshipa wa kuuma, na uozo ulio chini yake unaweza kukaa kimya mpaka ufike moyoni mwa jino. Ukisubiri uumwe umeshachelewa vituo viwili. Siku chache za kusikia baridi baada ya kuzibwa ni kawaida. Meno yakigongana na kizibo kwanza kabla ya mengine, usivumilie, rudi kikachongwe. Ni kazi ya dakika chache. Maumivu yanayopiga yenyewe usiku, chakula kinachokwama mahali pamoja, harufu, ukingo unaokwaruza ulimi, mstari mweusi unaokua pembeni ya kizibo, hayo yote ni ya kwenda. Na hata bila lolote, naenda kukaguliwa. Wakati mwingine daktari hukarabati ukingo tu, bila kutoa kizibo chote, na hivyo jino halipotezi kitu.

Nina daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kurasa za nyuma sasa zina meno. Jino gani, mwaka gani, dawa gani, pande ngapi, daktari alisema nirudi lini. Nikihamia kwa daktari mwingine namwonyesha, na kila mara nimeona uso wake ukifunguka, kwa sababu mgonjwa anayejua kilichomo mdomoni mwake anampunguzia kubahatisha. Mabinti wanaojifunza kushona kwangu waliniona nikiandika wakaomba kurasa zao. Mmoja aliziba mwezi uliopita, tundu dogo la juu, dawa nyeupe, na kabla hajaondoka kwenye kiti aliuliza maswali yote matatu: ni dawa gani, itakaa muda gani, na nirudi lini. Aliambiwa arudi baada ya miezi sita. Tumeiandika tarehe.